Tunayoyajua kuhusu Tumbaku, na Tusiyoyafanya

Kwenye vibanda vingi vya mitaani, Dar es Salaam kama ilivyo Nairobi, kiberiti cha gesi huning'inia kwa kamba karibu na dirisha. Mteja hununua fegi moja, huvuta kamba, huwasha, huenda zake. Hakununua pakiti, kwa hiyo onyo lililochapishwa juu ya pakiti limebaki kwa muuzaji. Kodi iliyopandishwa bungeni imemgusa kwa sarafu moja tu, pengine haikumgusa kabisa. Ukimuuliza, atakujibu kwamba yeye si mvutaji wa kutisha: fegi tatu kwa siku, nne zikizidi.

Mvutaji huyu anafaa kuwa kipimo cha utafiti wote wa tumbaku. Ni bidhaa chache za dukani ambazo wanasayansi wamezichunguza kwa muda mrefu na kwa kina kama sigara. Inavyoua tunajua, inavyomnasa mtu tunajua, na namna ya kumnasua tunaijua kwa kiasi kikubwa. Lakini sehemu kubwa ya maarifa hayo ilikusanywa kwa watu wanaovuta pakiti nzima kwa siku, wenye daktari wao wa kudumu na duka la dawa hatua chache kutoka nyumbani. Kwa Afrika Mashariki swali la madhara limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni la huduma: anayetaka kuacha asaidiwe na nani, wapi, na kwa gharama gani anayoimudu.

Ushahidi ulivyopatikana

Katikati ya karne iliyopita saratani ya mapafu, ambayo zamani ilikuwa ugonjwa wa nadra, ilikuwa ikiongezeka kwa kasi Ulaya na Marekani, na sababu yake haikujulikana. Wapo walioshuku moshi wa magari, wapo walioshuku lami ya barabara. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha matokeo ya mahojiano na wagonjwa wa hospitali 20 za London. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wawili tu ndio hawakuwa wavutaji. Katika idadi kama hiyo ya wagonjwa wa maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham walitoa matokeo yanayofanana nchini Marekani. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na namba zake zilimfanya aache kabla kazi haijakamilika.

Mahojiano na wagonjwa yana udhaifu wake, kwa kuwa mtu akishaugua hukumbuka maisha yake kwa kuyatafutia sababu. Ndiyo maana mwaka 1951 wawili hao waligeuza utaratibu. Waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza wanavuta kiasi gani, kisha wakafuatilia nani anakufa na kwa maradhi gani. Madaktari wanaume 34,439 walifuatiliwa kwa miaka 50. Ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba aliyeendelea kuvuta sigara alipoteza wastani wa miaka 10 ya uhai. Ilionyesha pia jambo la pili, ambalo lilistahili kutangazwa kwa sauti kubwa kuliko la kwanza: aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 aliokoa takriban miaka 3, mwenye 50 aliokoa 6, mwenye 40 aliokoa 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10.

Kampuni za sigara hazikukaa kimya. Januari 1954 kampuni za Marekani zililipia tangazo katika magazeti zaidi ya 400 kuwahakikishia wateja kwamba suala hilo bado linachunguzwa. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 1964 ilifunga mjadala wa kisayansi, lakini mjadala wa kutengenezwa uliendelea kwa miongo mingine mitatu. Nyaraka za ndani zilipofichuka kupitia kesi za miaka ya 1990, umma ulisoma waraka wa mwaka 1969 ambamo kampuni mojawapo, Brown & Williamson, ilitamka kwamba inachokiuza ni shaka. Wakati huo Takeshi Hirayama wa Japani alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1981, kwamba wake wasiovuta walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu waliovuta moshi wa wenzao.

Mvutaji wa fegi tatu anaingia wapi katika hesabu hizi? Kwa saratani ya mapafu, wingi wa sigara na miaka ya kuvuta una uzito mkubwa, na yeye yuko chini ya mwenye pakiti. Kwa moyo na mishipa ya damu hali ni tofauti. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 141, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba kati ya theluthi moja na karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo na kiharusi aliyonayo anayevuta 20. Kuta za mishipa na mfumo wa kugandisha damu huathirika kwa kiasi kidogo sana cha moshi. Kwa hiyo faraja ya “mimi navuta kidogo” haina msingi pale inapohitajika zaidi, na anayepunguza kutoka 20 hadi tatu bado yuko mbali na usalama.

Arosto na kijiwe

Moshi ukishavutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Huko huamsha vipokezi vinavyotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayompa mtu hisia ya kuridhika. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu huwa imekwisha kuondoka, na ubongo huanza kudai. Hapo ndipo arosto inapoingia: hasira za ghafla, kukosa utulivu, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, akili kushindwa kukaa sehemu moja. Hali hiyo huwa kali zaidi wiki ya kwanza na kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne.

Mwili ukishatulia, mazoea hubaki. Chai ya asubuhi, dakika za baada ya mlo, kusubiri abiria stendi, bao kijiweni, chupa ya bia jioni: kila kimoja kimefungamana na sigara kwa miaka. Anayeacha hupambana na vitu viwili kwa pamoja, kemikali na ratiba ya maisha, na kila kimoja kina dawa yake. Anayeshughulikia kimoja tu huangushwa na kingine.

Ndiyo sababu kati ya kila watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni watatu hadi watano tu ambao bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12. Namba hii huwakatisha tamaa wengi, na haipaswi. Wengi wa walioacha kabisa duniani waliacha baada ya kujaribu na kurudi mara kadhaa. Kurudia sigara ni sehemu ya kawaida ya uraibu huu, na si ushahidi kwamba mtu hana msimamo. Swali la maana kwa mtafiti ni kwa kiasi gani msaada fulani unaweza kuongeza wale watatu au watano.

Kipi kinasaidia, na tunajuaje?

Kabla ya kutaja tiba ni vizuri kujua zinavyopimwa, kwa sababu mitaani madai hayakosekani: mizizi ya siku tatu, unga wa kuchanganya na chai, maombi, sindano. Watafiti wamekubaliana juu ya masharti machache magumu. Aliyeacha huhesabiwa baada ya miezi 6 au zaidi, wala si baada ya wiki moja. Neno lake peke yake halitoshi. Hupumua kwenye kifaa kinachopima kaboni monoksidi, au hutoa mate au mkojo upimwe kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Na aliyepotea kwenye ufuatiliaji huhesabiwa kuwa amerudia kuvuta. Dawa yoyote ya mtaani iliyokwepa masharti hayo bado haijathibitisha lolote, hata kama muuzaji ana mashahidi kumi.

Kwa vipimo hivyo, msaada rahisi kuliko yote ni maneno ya mhudumu wa afya. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha wavutaji zaidi ya 2,000 wa kliniki tano za London. Kati ya waliokuja kutibiwa kama kawaida bila kuambiwa lolote, walioacha na kudumu mwaka mzima walikuwa asilimia 0.3. Kati ya walioshauriwa na daktari kwa dakika moja au mbili, wakapewa kijikaratasi na kuambiwa kwamba watafuatiliwa, walikuwa asilimia 5.1. Daktari akisikia tano kwa mia anaweza kuona kazi ni bure. Zizidishe kwa wagonjwa wote wanaopita mbele yake kwa mwaka, na hakuna operesheni ya saratani ya mapafu inayookoa maisha mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kama hiyo.

Simu nayo imethibitika. Jaribio la Uingereza lenye washiriki 5,800, lililochapishwa mwaka 2011, liliwatumia wavutaji ujumbe mfupi wa kuwatia moyo na wa kuwaelekeza la kufanya hamu inapowabana. Baada ya miezi 6, kwa kupima mate, asilimia 10.7 walikuwa hawajavuta, dhidi ya asilimia 4.9 ya waliopokea ujumbe usiohusu kuacha. Simu zilizotosha kwa kazi hiyo ni za kawaida kabisa, kama zile ambazo kwetu hutumika kutuma na kupokea fedha kila siku.

Kwa upande wa kemikali, plasta na chingamu za nikotini huongeza uwezekano wa kufaulu kwa nusu au zaidi kidogo, na kutumia plasta pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kutumia kimoja. Wengi hushindwa kwa sababu hawakuelekezwa. Chingamu ya nikotini haitafunwi mfululizo kama peremende. Hutafunwa polepole mpaka ikolee ukali, kisha huegeshwa kati ya ufizi na shavu ili nikotini ipite kwenye ngozi ya mdomo. Ukali ukiisha, hutafunwa tena. Anayeitafuna na kumeza mate hupata kwikwi na kiungulia, na nikotini yake nyingi huishia tumboni bila faida.

Sitisini, dawa inayotokana na mimea ya jamii ya kunde na iliyoanza kutumika Bulgaria miaka ya 1960, hukaa kwenye vipokezi vilevile vya nikotini na kuvituliza. Dozi yake ya kawaida ni ya siku 25 tu. Kutokana na kemia ya sitisini ilitengenezwa vareniklini, ambayo kwa muda ilihofiwa kuvuruga akili za watumiaji. Jaribio kubwa la mwaka 2016, lenye washiriki zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na historia ya maradhi ya akili, halikukuta ongezeko kubwa la madhara hayo, na lilionyesha kwamba vareniklini ilishinda plasta, na pia bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara.

Sigara za kielektroniki ndipo wataalamu wanapogawanyika. Jaribio la Uingereza la mwaka 2019 lilikuta kwamba asilimia 18 ya waliozitumia kuacha walikuwa hawavuti sigara baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliotumia plasta, chingamu na mfano wake. Lakini kati ya waliofaulu kwa njia hiyo, 8 kati ya 10 walikuwa bado wanavuta kifaa chenyewe. Kwa mvutaji sugu wa miaka 20 huo unaweza kuwa unafuu. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa sigara ni mlango wa kuingilia uraibu. Sera inayokitazama kifaa hicho kwa jicho moja, liwe la sifa au la laana, itamkosea mmoja wa wawili hao.

Kuna pia swali la kuacha ghafla au kidogo kidogo. Watu hupendekeza kupunguza taratibu kwa kuwa kunaonekana kuna huruma. Jaribio la mwaka 2016 lilikuta kinyume: baada ya miezi 6, asilimia 22 ya waliopanga siku na kukata mara moja walikuwa hawavuti, dhidi ya asilimia 15.5 ya waliopunguza kwa wiki mbili kwanza. Wote walipewa nikotini ya dawa na ushauri, kwa hiyo “kukata ghafla” hapa hakukumaanisha kuachwa peke yako.

Majaribio mawili yaliyofanywa nje ya nchi tajiri yanatufaa zaidi. La kwanza lilifanyika kwenye kliniki za kifua kikuu za Bangladesh na Pakistani, likachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 2,472 wanaovuta walipewa ushauri. Nusu wakaongezewa sitisini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 6 walioacha walikuwa asilimia 32.4 kwa sitisini na 29.7 kwa vidonge vitupu, tofauti ndogo mno kuweza kuisifia dawa. Wapo waliolisoma kama pigo kwa sitisini. Ukilisoma kwa macho ya zahanati, habari kubwa ni ile asilimia 29.7: karibu theluthi moja ya wagonjwa waliacha bila dawa ya kuacha, kwa kuwa walikuwa wanaumwa, walikuwa wanarudi kliniki kuchukua dawa za kifua kikuu, na kulikuwa na mtu wa kuzungumza nao. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili na huharibu matokeo ya tiba. Afrika Mashariki tayari ina mtandao wa kliniki hizo unaofika wilayani.

La pili ni la Ufilipino. Benki moja ya Mindanao iliwapa wavutaji akaunti ya akiba ya hiari kwa miezi 6. Mwishoni mwenye akaunti alipimwa mkojo, na akikutwa na nikotini fedha zake zote zilikwenda kwenye hisani. Ni mtu 1 kati ya 10 hivi aliyekubali, lakini waliopewa nafasi hiyo walifaulu kipimo zaidi ya wenzao kwa pointi 3 za asilimia, na tofauti ilidumu hadi mwaka mzima, miezi 6 baada ya akaunti kufungwa. Mahali ambapo watu wanawekeana dhamana kwenye vikoba na vyama kila wiki, wazo la kuweka dhamana ya kuacha fegi halihitaji kufundishwa upya.

Kuzuia kabla ya kutibu

Afrika Mashariki ina bahati ambayo Ulaya haikuwa nayo: wavutaji bado ni wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa watu wazima ulikuta watumiaji wa tumbaku ya aina yoyote kuwa asilimia 7.9 nchini Uganda mwaka 2013, 11.6 nchini Kenya mwaka 2014 na 8.7 Tanzania mwaka 2018. Idadi ya watu ikiongezeka kwa kasi, hata asilimia inayoshuka inaweza kuzaa wavutaji wengi zaidi, na kampuni zinajua hesabu hiyo. Biashara ambayo wateja wake hufa mapema lazima itafute vijana.

Jibu la kwanza la kila mtu ni elimu shuleni. Hapa utafiti unavunja moyo. Jimbo la Washington, Marekani, lilifanya jaribio refu na makini katika wilaya 40 za shule: watoto zaidi ya 8,000 walifuatiliwa kuanzia darasa la tatu hadi baada ya sekondari, nusu wakifundishwa mbinu za kukataa sigara. Matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliofundishwa na wasiofundishwa walivuta kwa kiwango kilekile. Vipo vipindi vya shule vilivyoonyesha mafanikio kidogo, hasa vinavyojenga stadi za maisha kwa jumla, lakini hakuna anayeweza kuitegemea elimu hiyo peke yake.

Bei ndiyo hufanya kazi kwa uhakika. Ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na karibu asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na vijana hushtuka zaidi ya wazee. Kampuni hujibu kwamba kodi huleta magendo. Magendo hutegemea zaidi udhibiti wa mipaka na uadilifu wa watumishi, na stempu za kielektroniki zilizoanza Kenya mwaka 2013 na Tanzania mwaka 2019 ni sehemu ya dawa yake. Hata hivyo bei ina mwanya uleule wa kibandani. Fegi moja huuzwa kwa hatua za sarafu. Kodi ndogo hupotea katikati ya hatua mbili, na ni ongezeko kubwa tu linaloisukuma hadi sarafu inayofuata. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Uganda ya mwaka 2015 zinakataza kuuza sigara moja moja. Kila mpita njia anajua katazo hilo linavyoheshimiwa.

Sheria zenyewe zimepiganiwa. British American Tobacco ilizipinga kanuni za Kenya za mwaka 2014 hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Mwaka huohuo Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ilitupilia mbali kesi dhidi ya sheria ya 2015. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, lakini sheria yake ni ya mwaka 2003, kabla Mkataba haujaanza kutumika, na haijaweka picha za onyo kwenye pakiti.

Tumbaku isiyotoa moshi

Anayehesabu moshi tu huwakosa watu wengi. Katika uchunguzi ule wa Kenya wa mwaka 2014, wanawake wanaovuta hawakufika 1 kwa kila 100, ilhali wanaotumia ugoro na tumbaku nyingine isiyo ya moshi walikaribia 4. Ugoro husagwa kutokana na majani makavu, mara nyingi ukachanganywa na magadi, kisha hupimwa kwa kijiko sokoni na kufungwa kwenye kipande cha nailoni. Magadi hayawekwi kwa ladha tu: hupunguza asidi, na nikotini iliyo katika hali hiyo hupenya upesi kwenye ngozi laini ya pua na mdomo. Chokaa hufanya kazi hiyohiyo katika tambuu ya Zanzibar na Mombasa, ambamo jani hufungwa pamoja na popoo, katu na mara nyingi tumbaku. Tangu mwaka 2004 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika orodha ya visababishi vya saratani. Bibi anayenusa ugoro au kutafuna tambuu haoni kuwa bango la sigara linamhusu, na tafiti za kuacha zilizotajwa hapo juu hazikumhusu pia.

Shisha ni upande wa pili, wa vijana wa mjini. Maji hupoza moshi, hayausafishi. Kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumpa mtu moshi mwingi kuliko wa makumi ya sigara. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Kisha vikaja vifuko vyeupe vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vilivyoingia Kenya mwaka 2019. Havina jani la tumbaku, na mwanzoni vilizua ubishi serikalini kama visajiliwe kwa sheria ya dawa au ya tumbaku. Kila bidhaa mpya inapita kwenye ufa wa sheria iliyoandikiwa bidhaa ya zamani.

Mkulima wa Urambo

Hakuna uchambuzi wa tumbaku Tanzania unaokamilika bila Tabora. Urambo, Kaliua na Sikonge, pamoja na Chunya na Namtumbo, huishi kwa zao hili, na msimu wa 2022/23 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 100,000. Mkulima huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa siku ya soko kabla hajashika fedha. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani yanayokula kuni za miombo. Mvunaji akishika majani yaliyolowa umande, nikotini hupita kwenye ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, mara nyingi akidhani ni malaria au jua.

Maslahi ya zao hili ndiyo hufanya sheria mpya zicheleweshwe kwa hoja kwamba zitamuumiza mkulima. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa: sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje, kwa hiyo kumsaidia mvutaji wa Temeke kuacha hakupunguzi bei ya mkulima wa Urambo. Upande wa Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yalianza mwaka 2021 kuwasaidia wakulima kuhamia maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, wakiwa na mnunuzi wa uhakika. Funzo la hapo ni soko. Mkulima haachi tumbaku kwa kuhubiriwa; huacha kukiwa na zao jingine lenye mkopo, mizani na mnunuzi.

Tuanzie wapi

Zaidi ya robo tatu ya wavutaji wa Kenya waliohojiwa mwaka 2014 walikuwa wanapanga au wanafikiria kuacha. Nia, basi, ipo. Nikotini ya dawa iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, vareniklini na bupropioni tangu 2021, na mwaka 2024 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Ila nenda kwenye zahanati ya kata ukaombe plasta ya nikotini.

Kwa ushahidi uliopo, hatua ya kwanza hainunuliwi kwa fedha nyingi. Ni kuongeza maswali mawili kwenye kadi za kliniki za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi, za shinikizo la damu na za wajawazito: unatumia tumbaku ya aina yoyote, ugoro ukiwemo? Ungependa kuacha? Anayejibu ndiyo apangiwe siku, aandikishwe kwenye ujumbe wa simu wa Kiswahili, na aulizwe tena akirudi. Hatua ya pili ni dawa za bei nafuu, na jaribio letu wenyewe la kuona zinawafaaje wavutaji wa fegi tatu na watumiaji wa ugoro, ambao majaribio yaliyotajwa hapo juu hayakuwalenga. Ya tatu ni kodi inayopanda kwa kiwango cha kusogeza bei ya fegi moja, na sehemu ya mapato yake kulipia hatua mbili za kwanza.

Wizara zetu zimezoea kupima kazi ya kudhibiti tumbaku kwa mabango, semina na maadhimisho ya Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, Mei 31. Kipimo kilichothibitishwa na utafiti ni kingine: katika kila wilaya, ni wangapi walioomba msaada, na wangapi kati yao, miezi 6 baadaye, walipumua kwenye kifaa na kukutwa hawana moshi. Mpaka namba hiyo iwepo kwenye ripoti ya mwaka, mpango wa kuacha tumbaku utakuwa umebaki kwenye karatasi.